Nyimbo za Kale Baada ya Maangamizi: Muziki wa Tamthilia ya Fallout na Historia ya Urani kutoka Katanga hadi Njiro

Ikisiri

Makala haya yanachunguza matumizi ya nyimbo pendwa za kale katika tamthilia ya televisheni ya Fallout, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2024, na katika michezo ya kompyuta iliyoizaa. Hoja kuu ni kwamba nyimbo hizo, nyingi zikiwa za miaka ya 1940 na 1950, huifanya enzi ya atomu ionekane kuwa kumbukumbu ya Marekani peke yake, ilhali historia ya enzi hiyo ilianzia pia katika migodi ya Kongo ya Kibelgiji, katika eneo la wasemaji wa Kiswahili. Kwa kuziweka nyimbo hizo sambamba na muziki wa gitaa uliorekodiwa Katanga katika miaka ileile, makala yanaonyesha kuwa uteuzi wa nyimbo za kale ni uamuzi wa kihistoria kuhusu nani anahesabiwa kuwa na wakati uliopita. Mahali panapotumika kusikilizia historia hiyo ni Njiro, jijini Arusha, palipo na taasisi ya taifa inayodhibiti mionzi.

1.0 Utangulizi

Tamthilia ya Fallout ilianza kuonyeshwa na Prime Video mwezi Aprili 2024 ikiwa na vipindi 8. Waandishi wakuu wake ni Geneva Robertson-Dworet na Graham Wagner, na vipindi vitatu vya mwanzo viliongozwa na Jonathan Nolan. Kisa kinaanza siku ambayo mabomu ya nyuklia yanaangukia jiji la Los Angeles mwaka 2077, kisha kinaruka hadi mwaka 2296, ambapo baadhi ya watu wanaishi katika mahandaki na wengine wanahangaika juu ya ardhi iliyoungua. Dunia iliyoangamia humo si Marekani ya leo. Ni Marekani ya kubuni ambayo teknolojia yake ilisonga mbele sana huku mavazi, magari, matangazo ya biashara na nyimbo zake zikibaki kama za miaka ya 1950. Kwa sababu hiyo, wimbo wa kale katika tamthilia hii si pambo tu. Ndiyo alama ya kwanza inayomwambia mtazamaji ni ustaarabu gani uliopotea.

Wahakiki wengi wa muziki huo huishia kwenye kejeli: sauti tamu inaimba juu ya mapenzi wakati picha inaonyesha mauti. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Hayaelezi kwa nini nyimbo hizo na si nyingine, wala hayaulizi ni sauti zipi za miaka ileile zilizoachwa nje. Swali hilo lina uzito wa pekee kwa mtafiti wa Afrika Mashariki na Kati, kwa kuwa bomu la kwanza lililotumika vitani lilitengenezwa kwa urani ambayo sehemu yake kubwa ilichimbwa Katanga.

Njiro, upande wa kusini wa jiji la Arusha, ni mahali panapofaa kuanzia uchunguzi huo. Wakazi wengi wa jiji wanapafahamu kwa makazi na jumba lake la sinema. Hata hivyo, Njiro Kitalu J ndipo pia zilipo ofisi na maabara za Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003 kushika nafasi ya Tume ya Taifa ya Mionzi, ambayo nayo iliundwa kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 1983. Kwa hiyo mtazamaji anayeitazama Fallout akiwa Njiro yuko jirani na taasisi ambayo kazi yake ya kila siku, yaani kupima, kukagua na kutoa vibali vya vyanzo vya mionzi, inatokana na historia ileile ambayo tamthilia inaigeuza kuwa burudani.

2.0 Mkabala wa Uchunguzi

Makala yanatumia mkabala wa usomaji sambamba uliopendekezwa na Edward Said mwaka 1993, ambao unamtaka msomaji wa kazi ya sanaa ya nchi zilizotawala asome pamoja nayo historia ya nchi zilizotawaliwa, hata pale ambapo kazi yenyewe imenyamaza. Hapa mkabala huo unahamishwa kutoka kusoma hadi kusikiliza. Wimbo uliomo katika tamthilia unasikilizwa pamoja na wimbo wa wakati huohuo uliotoka mahali palipotoa malighafi ya bomu.

Mkabala huo unaungwa mkono na hoja ya mwanahistoria Gabrielle Hecht, ambaye katika utafiti wake wa mwaka 2012 alionyesha kuwa sifa ya kitu kuwa cha kinyuklia haikutolewa kwa usawa. Mitambo na maabara za Ulaya na Marekani zilihesabiwa kuwa za kinyuklia bila shaka yoyote, lakini migodi ya urani ya Afrika mara nyingi ilichukuliwa kuwa migodi ya kawaida, na wachimbaji wake wakakosa ulinzi uliostahili hatari iliyowakabili. Makala haya yanapanua hoja hiyo hadi kwenye kumbukumbu ya sauti: kama ilivyokuwa kwa migodi, ndivyo ilivyokuwa kwa nyimbo.

3.0 Nyimbo za Fallout na Kazi Zake

3.1 Kutoka sinema hadi mchezo, kutoka mchezo hadi tamthilia

Mbinu ya kuweka wimbo laini juu ya picha ya maangamizi ni ya zamani kuliko Fallout. Mwaka 1964, Stanley Kubrick alifunga filamu yake ya Dr. Strangelove kwa milipuko ya nyuklia inayosindikizwa na sauti ya Vera Lynn, mwimbaji wa Uingereza, katika wimbo wa mwaka 1939 uliowaliwaza askari wa Vita vya Pili vya Dunia na jamaa zao. Waundaji wa mchezo wa kwanza wa Fallout, uliotoka mwaka 1997, walifuata njia hiyo. Walifungua mchezo kwa wimbo “Maybe” wa kundi la The Ink Spots, uliotoka mwaka 1940. Fallout 3 ya mwaka 2008 ilifunguliwa kwa wimbo mwingine wa kundi hilo, “I Don't Want to Set the World on Fire” wa mwaka 1941, na ikaongeza redio ambayo mchezaji huisikiliza anapotembea katika magofu. Tamthilia ilipotengenezwa ilirithi desturi hiyo. Kipindi chake cha kwanza kinaanza kwa sauti ya Nat King Cole katika “Orange Colored Sky” ya mwaka 1950, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtoto, muda mfupi kabla ya mabomu kuanguka.

Linganisho na tamthilia nyingine linasaidia kuona upekee wa jambo hili. Katika The Last of Us, iliyoanza mwaka 2023, wimbo wa Linda Ronstadt wa mwaka 1970 unatumika katika kipindi cha tatu kuwaunganisha watu wawili waliokutana baada ya jamii kusambaratika. Wimbo huo ni mali ya nyoyo zao. Katika Fallout, kwa upande mwingine, wimbo hausimamii mtu mmoja bali taifa zima. Unapoanza, mtazamaji anaelekezwa kuamini kwamba anasikia jinsi watu wa zamani walivyokuwa: wachangamfu, wapole, na wasiojua kilichokuwa kinakuja.

3.2 Utamu unaoficha

Imani hiyo haikubaliani na historia ya waimbaji wenyewe. The Ink Spots walikuwa Wamarekani weusi waliofanya kazi chini ya sheria na desturi za ubaguzi wa rangi. Miongoni mwa watunzi wa “I Don't Want to Set the World on Fire” alikuwamo Eddie Durham, mpiga gitaa mweusi aliyekuwa kati ya watu wa kwanza kurekodi gitaa la umeme katika jazi. Nat King Cole alishambuliwa na wabaguzi jukwaani mjini Birmingham, Alabama, mwezi Aprili 1956, na kipindi chake cha televisheni kilichoanza mwaka huohuo kilikwisha mwaka uliofuata baada ya kukosa mdhamini wa kitaifa. Sauti inayotumika kuwakilisha utulivu wa Marekani ya zamani ni sauti ya watu ambao Marekani hiyo iliwanyima utulivu.

Svetlana Boym (2001) alitofautisha aina mbili za shauku ya mambo ya kale. Ya kwanza hutaka kuijenga upya nyumba iliyopotea kana kwamba haikuwa na ufa. Ya pili huitazama nyumba hiyo pamoja na nyufa zake. Fallout inasimama kati ya aina hizo mbili. Hadithi yake inaikosoa vikali Marekani: kampuni ya Vault-Tec inayouza mahandaki inaonyeshwa ikijadili jinsi ya kunufaika na vita, na historia ya kubuni ya michezo inasema maangamizi yalitanguliwa na kugombania mafuta na rasilimali nyingine. Lakini muziki unaendelea kuvuta kuelekea aina ya kwanza. Mtazamaji anatoka akiwa amewalaumu wakurugenzi wa kampuni, na wakati huohuo akiwa ameipenda enzi yao.

3.3 “Civilization” na “Uranium Fever”

Nyimbo mbili zilizomo katika michezo ya Fallout zinagusa moja kwa moja suala la makala haya. Ya kwanza ni “Civilization”, iliyotungwa na Bob Hilliard na Carl Sigman na kurekodiwa mwaka 1947 na Danny Kaye pamoja na The Andrews Sisters. Msimulizi wake ni mtu wa Kongo anayeelezwa uzuri wa maisha ya kisasa na kuamua kubaki kwao. Kati ya sababu anazozitaja ni kuwapo kwa bomu la atomu huko kwa wastaarabu. Wimbo ni wa mzaha, na picha yake ya Mwafrika ni ile ya mtu wa porini iliyozoeleka katika burudani ya wakati huo. Ya pili ni “Uranium Fever” ya Elton Britt, ya mwaka 1955, inayohusu mtafuta madini wa magharibi mwa Marekani anayehangaika na kifaa chake cha kupimia mionzi akitarajia utajiri.

Zikisikilizwa pamoja, nyimbo hizi zinagawa majukumu kwa namna ya kushangaza. Mmarekani ndiye mwenye urani na ndiye mwenye kuitafuta. Mkongo ndiye asiyejua chochote kuhusu bomu isipokuwa kwamba liko mbali naye. Historia inaonyesha kinyume chake.

4.0 Shinkolobwe na Gitaa la Jadotville

Mgodi wa Shinkolobwe uko Katanga, takriban kilomita 20 kutoka mji wa Likasi, ambao wakati wa ukoloni uliitwa Jadotville. Madini yake yaligunduliwa mwaka 1915, na uchimbaji uliendeshwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Katika miaka ya mwanzo kilichotafutwa kilikuwa radi kwa matumizi ya tiba. Barua ya tarehe 2 Agosti 1939 iliyotiwa saini na Albert Einstein na kupelekwa kwa Rais Roosevelt ilitaja kwamba chanzo muhimu zaidi cha urani duniani kilikuwa Kongo ya Kibelgiji. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alikuwa tayari amesafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York. Jeshi la Marekani liliyanunua mwaka 1942, kisha likasaidia kuufungua tena mgodi uliokuwa umefungwa na kujaa maji. Mawe hayo yalikuwa na kiwango cha urani ambacho hakikuwa na mfano: wastani wa asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati migodi mingi ya Marekani ilitoa chini ya asilimia 1. Wachimbaji Waafrika ndio walioyachimba, wakayachambua kwa mikono na kuyapakia. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilitokana kwa sehemu kubwa na kazi hiyo.

Lugha ya kazi katika makambi ya wafanyakazi wa Katanga ilikuwa Kiswahili. Johannes Fabian (1986) ameeleza jinsi utawala wa kikoloni na makampuni yalivyokikuza huko kwa makusudi yao, na jinsi wafanyakazi walivyokigeuza kuwa chao. Hivyo, mtu wa Kongo ambaye wimbo wa mwaka 1947 unamfanya azungumze Kiingereza cha mzaha, katika uhalisia alikuwa akizungumza Kiswahili na akiifanya kazi ambayo bila yake bomu lisingepatikana kwa wakati ule.

Naye aliimba. Mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville kijana mpiga gitaa aliyeitwa Mwenda Jean Bosco. Kipande chake kiitwacho “Masanga” kilienea kwa santuri katika sehemu nyingi za Afrika, na upigaji wake ukachambuliwa na David Rycroft katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bosco alitumia kidole gumba na kidole cha shahada kutoa nyuzi za chini na za juu kwa pamoja, kiasi kwamba gitaa moja lilisikika kama mawili. Mwishoni mwa miaka ya 1950, yeye na Edouard Masengo, mwanamuziki mwenzake wa Katanga, walifanya kazi Nairobi, ambako nyimbo zao zilisikika redioni na hata katika matangazo ya bidhaa. Upigaji huo ukaingia katika muziki wa gitaa kavu wa Kenya na kuwa sehemu ya malezi ya sikio la Afrika Mashariki.

Umuhimu wa jambo hili kwa makala haya ni wa mahali na wakati. “Masanga” ilirekodiwa miaka 2 baada ya “Orange Colored Sky” na miaka 3 kabla ya “Uranium Fever”, katika mji ulio jirani kabisa na mgodi wa Shinkolobwe, mgodi ukiwa bado unafanya kazi. Kama kuna muziki unaostahili kuitwa wa enzi ya atomu kwa maana kamili ya neno, ni huu. Lakini haumo katika Fallout, wala hakuna mtu aliyetarajia uwemo. Kutotarajiwa huko ndiko kunakohitaji maelezo ya kihistoria. Muziki wa Katanga uliingia katika hifadhi za dunia ukiwa na jina la muziki wa Kiafrika, wakati wa Marekani uliingia ukiwa na jina la muziki wa zama fulani. Wa kwanza ulipewa mahali bila wakati. Wa pili ulipewa wakati, na kwa sababu hiyo ukaweza kutumika kuulilia wakati huo.

5.0 Kaskazini mwa Tanganyika: Homa ya Urani Bila Wimbo

Homa iliyoimbwa na Elton Britt ilifika pia kaskazini mwa Tanganyika. Mwaka 1956, upimaji wa mionzi uliofanywa kwa ndege ulisababisha kugunduliwa kwa miamba ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, kando ya njia itokayo Arusha kwenda Babati. Kilichopatikana hakikuwa mgodi wa urani bali fosfati yenye urani ndani yake. Uchimbaji ulianza mwaka 1983, na tangu hapo mbolea ya Minjingu imekuwa ikitumika mashambani nchini. Vipimo vya mionzi katika miamba na mazingira hayo vimekuwa sehemu ya kazi za wataalamu wa mionzi wa Tanzania.

Mwaka wa 1983 una maana zaidi ya Minjingu. Ndio mwaka wa sheria iliyounda Tume ya Taifa ya Mionzi. Mwezi Mei 1984, Mwalimu Julius Nyerere aliungana na viongozi wa Argentina, Ugiriki, India, Meksiko na Uswidi kutoa wito kwa mataifa yenye silaha za nyuklia wasimamishe mashindano ya silaha hizo. Katika muda usiozidi miaka miwili, basi, Tanzania ilichimba mwamba wenye urani, ikaweka sheria ya mionzi, na ikatoa sauti ya kisiasa dhidi ya maangamizi. Nchi ambayo haikuwa na bomu ilijihesabu kuwa ndani ya enzi ya atomu na kuwajibika kwayo. Maabara za Njiro ni matokeo ya msimamo huo.

Hali ilikuwa tofauti Shinkolobwe. Mgodi ulifungwa rasmi wakati wa uhuru wa Kongo mwaka 1960, lakini wachimbaji wadogo waliendelea kuingia kutafuta kobalti na shaba, na mwaka 2004 sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu. Kwao maangamizi hayakuwa hadithi ya mwaka 2077.

6.0 Zilipendwa: Namna Nyingine ya Kusikiliza

Kiswahili cha Tanzania kina neno lake la nyimbo za kale za dansi: zilipendwa. Umbo la neno linafaa kuangaliwa. Kiambishi cha wakati uliopita kinasema kwamba mapenzi yalikuwapo. Kauli ya kutendwa inaacha wazi swali la nani alipenda. Neno halidai kwamba enzi ya nyimbo hizo ilikuwa njema. Linadai tu kwamba watu walizipenda, na hivyo linamlazimu msikilizaji awafikirie watu hao.

Arusha ina nafasi yake katika historia hiyo. Mwaka 1970, ndugu Wilson na George Kinyonga, waliotoka Tanga ambako walipigia Jamhuri Jazz, waliunda bendi ya Arusha Jazz mjini humo. Mwaka uliofuata walihamia Nairobi, ambako bendi yao ikawa Simba Wanyika, na kutokana nayo likazaliwa kundi la Les Wanyika. Gitaa lao la umeme lilikuwa na deni kubwa kwa muziki wa Kongo, kama lilivyokuwa gitaa la bendi nyingi za Afrika Mashariki.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba hifadhi ya zilipendwa haina uteuzi. Kwa miaka mingi bendi za Tanzania zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na redio hiyo ya serikali iliamua wimbo upi urushwe na upi uzuiwe. Kelly Askew (2002) ameonyesha jinsi muziki ulivyotumika kulitenda taifa jukwaani na jinsi wasanii na wasikilizaji walivyojadiliana na matakwa ya dola. Hifadhi ya Fallout iliteuliwa na soko la santuri na wenye haki za nyimbo. Hifadhi ya zilipendwa iliteuliwa na redio ya umma. Tofauti ni kwamba ya pili bado inajulikana kuwa iliteuliwa, wakati ya kwanza inasikika kana kwamba ni sauti ya wakati wenyewe.

Inaweza kupingwa kwamba Fallout ni kejeli dhidi ya Marekani na haina wajibu wa kuisimulia Katanga. Hoja hiyo ina haki yake, kwani kazi ya sanaa haihukumiwi kwa kila ilichokiacha. Lakini tamthilia yenyewe imeweka swali la nani alinufaika na bomu, na imelijibu kwa kuishia kwenye chumba cha mikutano cha kampuni. Mnyororo wa faida hauanzii hapo. Unaanzia katika jiwe lililochimbwa, na kejeli isiyofika kwenye jiwe inamwachia mtazamaji faraja ambayo haikuikusudia.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba nyimbo za kale katika Fallout hufanya kazi mbili zinazopingana: zinaikejeli Marekani ya enzi ya atomu na papo hapo zinaimilikisha Marekani peke yake enzi hiyo. Kwa kuzisikiliza sambamba na gitaa la Jadotville, umiliki huo unapoteza uhakika wake. Wachimbaji wa Shinkolobwe, waimbaji wa Katanga na wataalamu wa Njiro wote ni watu wa enzi ileile, na wana wakati uliopita unaoweza kusimuliwa kwa tarehe.

Kwa watafiti wa historia ya muziki, matokeo haya yanadai kazi mahususi. Rekodi za gitaa za Katanga za miaka ya 1950 zinapaswa kusomwa pamoja na nyaraka za kampuni za madini za miaka hiyo, na si katika kabati tofauti. Kanda za redio za Afrika Mashariki nazo zinapaswa kuhifadhiwa pamoja na taarifa za mahali, mwaka na sababu ya kurekodiwa, kwa kuwa wimbo uliopoteza taarifa hizo hugeuka kuwa mapambo ya hadithi ya mtu mwingine. Iwapo siku moja kisa cha baada ya maangamizi kitatungwa Arusha au Likasi, mtunzi wake atahitaji kujua ni nyimbo zipi zilikuwa zikichezwa wakati mawe ya urani yanapakiwa. Ushahidi wa kujibu swali hilo upo, na sehemu yake muhimu iko kwa Kiswahili.